Sina Udhuru, Afande

Ukitaka kumwamsha Cleavon Tisdale, unasimama mbali. Unachukua ufagio ulioegemezwa nyuma ya mlango wa jikoni, unaugeuza, na kwa mpini unamgonga nyayo taratibu huku ukimwita jina. Akishafumbua macho na kukuitikia, hapo ndipo unaweza kumsogelea. Mkewe Renita ndiye aliyeanzisha utaratibu huo, na binti yao Kezia alikua akidhani baba wote duniani huamshwa kwa ufagio. Alipokuwa mdogo alikwenda kulala kwa rafiki yake, asubuhi akamwona mwenzake anamrukia baba yake kitandani na kumvuta masikio. Kezia akajibanza nyuma ya pazia akingoja balaa. Balaa halikuja. Aliporudi nyumbani aliuliza, akaambiwa baba yake ana usingizi mzito, basi.

Mwezi wa Machi Cleavon alianguka kazini. Alikuwa akiendesha mashine ya kunyanyulia magogo kwenye kiwanda cha mbao nje kidogo ya mji, kichwa kikamzunguka, akashuka ili asimuumize mtu, na alipotia mguu chini hakuona tena kitu. Msimamizi wake hakuwa mtu mbaya. Alimwambia akapumzike na asirudi mpaka alete barua ya daktari. Sasa, bila barua hakuna kazi, bila kazi hakuna bima, na bila bima huyo daktari wa kuandika barua anatoka wapi? Ndivyo mambo yalivyo hapa kwetu, yanazunguka mpaka mtu mzima naye anashikwa na kizunguzungu.

Wiki ile ile akaanza kulala ndani ya pikapu. Renita aliamka kwenda kwenye kazi yake ya kufua mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee, akapapasa upande wa pili wa kitanda akakuta baridi. Alichungulia dirishani akaona vioo vya pikapu vimefunikwa na mvuke wa pumzi ya mtu. Ilikuwa pikapu ile ile ya zamani, ambayo hawakuwahi kuiuza. Akachukua ufagio, akatoka uani, akafungua mlango wa upande wa miguu na kumgonga.

"Ndani kuna joto," Cleavon alisema alipofumbua macho.

"Mwezi wa Machi, Cle?"

"Nimesema kuna joto, Nita."

Alijua mumewe alilala mle mara ya kwanza kwa sababu gani, na alijua kwamba sababu imerudi. Cleavon alikuwa anajiogopa.

Saa ya chakula cha mchana Renita alijibanza kwenye chumba cha mashuka akapiga simu hospitali ya wanajeshi wa zamani. Msichana aliyepokea alikuwa na sauti nzuri. Kabla hajauliza mgonjwa anaumwa nini, aliuliza aliachishwa jeshi kwa aina gani. Hilo ndilo swali lao la kwanza siku zote. Renita alitazama huku na huku, maana mwenzake mmoja alikuwa karibu akikunja mataulo, akajibu kwa sauti ya chini kwamba haikuwa ya heshima. Sauti nzuri ya msichana ikapungua kidogo. Kwa cheti cha namna hiyo, alisema, hawezi kumwandikia siku ya kuonana na daktari. Aombe bodi ya jeshi ibadilishe aina hiyo, na afanye upesi, kwa sababu ikishapita miaka kumi na tano bodi hiyo haipokei tena ombi. Renita hakuhitaji kalenda. Kezia alizaliwa mwaka ule ule, na Kezia alikuwa anakaribia kumi na tano.

Sisi wa Phenix City, huku Alabama, tunaishi na jeshi mlangoni. Kambi iko ng'ambo ya mto, vijana wanavuka daraja kuja kunyoa, kuweka rehani magitaa yao na kuoa dada zetu. Kwa hiyo hapa kwetu cheti cha jeshi si jambo la siri ya mtu. Ukiwa nacho kizuri utakitia kwenye fremu sebuleni. Ukiwa nacho kibaya, tunakiita karatasi chafu, na mwenye nacho anajifunza kutembea pembeni.

Cleavon alijifunza vizuri. Kila Novemba, Jumapili ya wanajeshi, mchungaji huwaomba wote waliotumikia nchi wasimame, kanisa liwapigie makofi, halafu waende ukumbini kula chapati za maji na soseji bure. Kezia alipokuwa na miaka saba alimsukuma baba yake kwa kiwiko. "Baba, simama. Si ulikuwa mwanajeshi?" Watu wa benchi la mbele wakageuka. Cleavon alisema magoti yanamuuma. Wazee wa miaka themanini walikuwa wamesimama kwa magongo, yeye mwanamume mwenye mabega mapana kama mlango amekaa kitako anatazama kitabu cha nyimbo. Tangu mwaka ule, Novemba ikifika, mafua humshika Jumamosi.

*

Aliyewasaidia kuandika ombi ni mzee Hollis Purifoy, mwanajeshi wa zamani wa vita vya Vietnam, anayekaa kwenye kijichumba nyuma ya ukumbi wa chama chao na kuwasaidia wenye karatasi chafu bila kuchukua hata senti. Aliwakaribisha kahawa mbaya. Akamuuliza Cleavon swali moja tu: kwa nini uliondoka kambini bila ruhusa?

"Sina udhuru, Bwana Purifoy."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Hiyo. Hiyo ndiyo itakayokumaliza."

Akamgeukia Renita kumweleza, ingawa Renita aliyajua. Kuruta akifika kambini, jambo la kwanza analotiwa kichwani ni jibu hilo. Sajini akikuuliza kwa nini kiatu kichafu, hata kama umetoka kuvuka mto kwa amri yake mwenyewe, jibu ni moja. Wanakukimbiza, wanakutambaza, wanakunyima usingizi mpaka linatoka lenyewe. "Mimi nina miaka sabini na sita," Purifoy alisema. "Juzi mke wangu kaniuliza kwa nini nimeunguza maharage. Nikamjibu sina udhuru. Akaninyima chakula."

Cleavon alitabasamu kidogo, na Renita akashukuru kumwona anatabasamu.

"Lakini sikiliza, mwanangu," mzee aliendelea, na sasa hakuwa na mzaha. "Hawa wa bodi wamekaa pale kusikiliza udhuru. Hawataki kingine. Ulitoka vitani mara mbili, una nishani, mabomu yamelipuka chini ya lori lako, halafu siku moja unapotea wiki tano. Watu hawapotei hivihivi. Utawaambia nini?"

Cleavon alimwambia habari za mabomu. Alimwambia habari za kichwa kuuma na kukosa usingizi. Purifoy aliandika yote, akaweka kalamu chini, akasubiri. Alikuwa amesikiliza watu wengi, alijua mtu akifika kwenye lenyewe hasa na mtu akilizunguka. Cleavon alikuwa analizunguka. Mzee alimtazama Renita, na Renita akatazama kikombe chake.

*

Lenyewe hasa lilikuwa hili. Cleavon aliporudi kutoka Iraki mara ya pili, wakiwa bado kwenye nyumba za kambi, Renita alikuwa na mimba ya miezi sita. Usiku mmoja mtoto alicheza tumboni kwa nguvu. Renita alifurahi, akamgusa mumewe begani ili naye aweke mkono asikie. Alichokumbuka baada ya hapo ni dari, na mikono shingoni mwake, na macho ya mumewe yakiwa wazi lakini hayamwoni. Hakuweza kupiga kelele. Kilichomwokoa ni bilauri ya maji iliyoanguka kutoka kwenye meza ya kando ikavunjika, Cleavon akashtuka, akaachia. Kulipokucha pikapu haikuwepo.

Cleavon alikaa kando ya ziwa, akilala ndani ya gari, akila maharage ya kopo, mpaka polisi wa jeshi walipomkuta. Kamanda alimuuliza kwa nini. Alijibu kama alivyofundishwa. Wakamwekea karatasi mbele, akae ashitakiwe au atie sahihi atoke, naye akatia sahihi bila kuisoma. Renita ndiye aliyemfuata kwa mama mkwe na kumwambia arudi nyumbani, na ndiye aliyebuni ufagio. Hakumwambia mama yake mzazi wala mtu yeyote. Alama za shingoni alizifunika kwa skafu, katikati ya joto la Alabama, watu wakadhani ni ulimbukeni.

"Waambie," alimwambia Cleavon wiki moja kabla ya kikao. Alikuwa jikoni anakaanga kambare, mumewe amekaa mezani anamenya vitunguu. Kezia alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya.

"Niwaambie nilimkaba mke wangu mjamzito?"

"Ulikuwa umelala, Cle."

"Mikono ilikuwa yangu." Alikiweka kisu chini. "Na Purifoy anataka Kezia awepo, eti waone familia. Unataka asikie hivyo? Ajue kwamba kabla hajazaliwa baba yake alitaka kumuua?"

"Unalala nje kama mbwa. Kichwa kinazidi. Ukianguka siku nyingine ukiwa unaendesha, nitamwambia Kezia nini siku hiyo?"

Samaki akaanza kuungua na hakuna aliyejali. Halafu Cleavon akasema ataeleza mabomu na kichwa, inatosha. Akamtaka Renita aape kwamba hatasema jambo la usiku ule, aape kwa jina la Kezia. Renita alikataa. Cleavon akaomba tena, na mtu huyu haombi kitu. Renita akaapa huku anageuza samaki.

*

Kikao kilifanyika kwa skrini, kwenye chumba nyuma ya ukumbi. Purifoy alikuwa amevaa tai. Cleavon alivaa suti ya maziko, Renita na Kezia walikaa nyuma yake na nguo zao za kanisani. Kwenye skrini walitokea maofisa watano wenye sare, nyuma yao bendera. Aliyeongoza alikuwa kanali, mwanamke wa makamo mwenye miwani.

Renita aliona kwa nyuma mgongo wa mumewe ukinyooka. Aliona visigino vikigusana chini ya kiti. Akasema moyoni, Mungu wangu, wameshamchukua.

Kanali hakuwa mkali. Alisoma rekodi yake kwa sauti, akazitaja nishani, akataja lori na mabomu. Akavua miwani.

"Bwana Tisdale, mpaka mwezi ule hukuwa na doa. Kwa nini uliondoka?"

Yote yalikuwa kichwani mwa Cleavon, yamepangwa kama Purifoy alivyomfundisha. Alifungua mdomo kuyasema.

"Sina udhuru, afande."

Purifoy alikohoa kwa nguvu. Kanali alisubiri, kisha akasema atamuuliza tena na achukue muda wake. Je, lilitokea jambo lolote kabla hajaondoka?

"Hapana, afande. Sina udhuru, afande."

Jasho lilikuwa linamtiririka nyuma ya masikio. Mmoja wa maofisa, yule wa pembeni, aliandika neno moja, akafunika kalamu yake na kuiweka mfukoni. Renita aliiona ile kalamu ikiingia mfukoni. Kwake yeye mlango wa hospitali ulikuwa umefungwa pale pale.

Alipoitwa kusema habari za tabia ya mumewe, alikuwa na karatasi mkononi: kazi, kanisa, jinsi alivyomfundisha Kezia kuendesha baiskeli. Aliitazama, hakuisoma. Cleavon hakugeuka, ila alitikisa kichwa mara moja, kidogo sana.

"Nilimwapia mume wangu nisiseme hili," Renita alisema. "Niliapa kwa jina la mtoto huyu aliyekaa hapa. Na kwa ajili ya mtoto huyu ndiyo nasema."

Akasema yote. Mtoto kucheza tumboni, mkono begani, dari, bilauri. Sauti yake haikutetemeka mpaka alipofika kwenye skafu. Kanali alimuuliza kwa nini hakuripoti.

"Nimripoti nani, afande? Mtu aliyelala?" Alipumua. "Mnasema alikimbia jeshi. Hakuwakimbia nyinyi. Alinikimbia mimi, ili nibaki hai."

Cleavon alikuwa bado amenyooka vile vile, machozi yakimdondokea kwenye tai, hayafuti, kwa sababu hakuna aliyempa ruhusa ya kusogeza mkono.

*

Pikapu ina kiti kimoja kirefu, kwa hiyo walirudi wamebanana watatu, Renita akiendesha, Kezia katikati. Kezia alikuwa anaitazama mikono ya baba yake magotini. Cleavon akaona anaitazama, akaikunja kwapani.

Tangu siku ile hakulala tena ndani ya nyumba hata mara moja. Hakumgombeza Renita. Alimshukuru kwa chakula, akaosha vyombo, akakata majani ya uani mpaka ukaonekana udongo. Ila hakukaa tena chumba kimoja na Kezia kama mlango umefungwa, na usiku kucha Renita aliona moto wa sigara ukiwaka na kufifia mle garini, maana Cleavon alikuwa hapati usingizi mpaka jua litoke, kisha saa yoyote mchana ukamkumba ghafla.

Kezia ndiye aliyekuwa na hasira, na hasira zake zote ziliuangukia ufagio.

"Kumbe tunamwamsha hivyo kama tunafukuza nyoka," alimwambia mama yake.

"Tunamwamsha hivyo ili asiumie mtu."

"Hajawahi kunigusa kwa ubaya hata siku moja, Mama."

"Ni kwa sababu ya ufagio, Kezia."

"Au ni kwa sababu ni baba yangu."

Renita alimshika mabega akamwapisha. Asimguse baba yake akiwa amelala, kamwe, hata nyumba ikiwaka moto. Kezia akaapa. Nyumba hii ilikuwa imezoea viapo, na mwisho wa viapo vyao mmeshauona.

*

Bahasha ya bodi ilikuja mwezi wa Oktoba. Kezia aliposhuka kwenye basi la shule aliikuta ndani ya sanduku la barua kando ya barabara, akaitambua kwa muhuri, akaipasua pale pale. Aliisoma akiwa amesimama. Alirudia aya ya tatu, ile iliyosema bodi imeridhika kwamba mwombaji aliondoka ili kumlinda mkewe na mtoto aliyekuwa hajazaliwa, na kwamba aina ya kuachishwa kwake inabadilishwa kuwa ya heshima. Akatupa begi la shule ngazini akakimbilia uani.

Baba yake alikuwa amelala ndani ya pikapu, mdomo wazi, usingizi wa mchana umemkumba. Kezia aliukumbuka ufagio. Tusimsingizie kwamba alisahau. Aliukumbuka na akauacha kwa makusudi, kwa sababu siku kama ile hakutaka baba yake agongwe nyayo kwa mti. Alifungua mlango, akaweka kiganja begani kwake.

"Baba," alisema. "Baba, amka."

Renita alirudi kutoka kazini kama kawaida. Aliona begi ngazini. Aliona bahasha iliyopasuliwa, muhuri wa jeshi, na moyo ukamruka kwa furaha. Alimwita Kezia, hakuitikiwa. Akaingia jikoni aweke mkoba, na nyuma ya mlango akauona ufagio mahali pake.

Alitupa mkoba akakimbia.

Kezia alikuwa amekaa chini kwenye majani, mgongo umeegemea tairi, anavuta pumzi kwa shida. Shingoni alama zilikuwa zimeshaanza kujichora, na Renita alizijua zitakavyokuwa kesho na kesho kutwa. Barua alikuwa bado ameishikilia. Hatua chache kutoka pale Cleavon alikuwa amepiga magoti, mikono ameikalia kwa uzito wake wote kama mtu anayeizuia isiondoke.

"Sina udhuru," alikuwa akisema. "Sina udhuru, mwanangu. Sina udhuru."

Renita alimkumbatia binti yake. Kezia alimsukuma kidogo, akainua barua kuelekea kwa baba yake. Sauti ilitoka nusu.

"Unao, Baba. Wameandika hapa."

Cleavon hakuipokea, maana angelazimika kutoa mkono. Aliitazama tu. Kisha akamwambia Renita apige simu hospitali, waje wamchukue leo, na mpaka wafike amfungie mahali, popote.

Renita alipiga kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa kichwani mwa Kezia. Ilipokelewa na ile ile sauti nzuri. Alisema mume wake anahitaji daktari sasa hivi, si wiki ijayo. Msichana akamwuliza swali lao la kwanza.

Renita aliitazama shingo ya mtoto wake.

"Ya heshima," alisema. "Ya heshima, dada. Sasa fanyeni haraka."